Mbuzi Yetu ya Kwenye Barua

Sijasema sina shukrani. Nimesema hatuna mbuzi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na mama anajua, lakini leo mchana amevichanganya makusudi ndio nikose la kusema. Alikuwa ameketi kwa kitanda anakata sukuma wiki, sinia iko kwa magoti, na kila nikimuuliza kuhusu picha ya kesho ananijibu kuhusu viatu. Ati viatu mdogo wangu anavaa vilitoka wapi. Ati ile blanketi ilitoka kwa nani. Nikamwambia mama, viatu niliviona, blanketi nalala nayo, sijakataa. Mbuzi ndio sijaona.

"Kukhu," akasema, bila kuinua macho, "wewe na hiyo kichwa yako ya form four mtatumaliza."

Mama huniita kukhu, yaani nyanya, juu nilipewa jina la mamake. Akiniita haraka haraka anataka nimshikie kitu. Akiniita polepole kama leo, anataka ninyamaze.

Maneno yenyewe ni haya. Kesho Jumamosi, saa nne asubuhi, mama na mdogo wangu wanafaa kusimama kwa uwanja wa projekti ya kusaidia watoto, pale Mountain View, wapigwe picha na mbuzi. Mbuzi inatoka kwa mzee mmoja wa soko ya Kangemi anayeuza za kuchinja. Picha ikishapigwa, mbuzi inarudi sokoni, na picha inaenda ng'ambo kwa mama mmoja mzee ambaye anaamini hiyo mbuzi ni yetu. Mama amekubali. Mimi ndio nimekataa, na mimi hakuna mtu aliniuliza.

Wacha niandike venye ilianza, juu nikiwa na hasira naruka vitu.

Mdogo wangu ako na miaka kumi na kifua chake ni mbaya tangu azaliwe. Kuna miezi ako sawa, anakimbia, anatusi watoto wa ploti yote. Halafu baridi inaingia na anaanza kuvuta pumzi kama mtu anayevuta soda iliyoisha kwa mrija. Mama anafulia watu nguo Lavington. Siku ameitwa anarudi vidole vimekunjamana, siku hajaitwa anarudi na mikono mikavu na hasira. Baba ako kazi ya mjengo Eldoret na simu yake huzimwa kuliko venye huwashwa. Kwa hivyo kitu kubwa projekti ilitupatia si viatu. Ni kadi ya kliniki. Mtoto akiwa na kadi, kifua kikimshika unampeleka moja kwa moja, anawekewa ile mashine ya mvuke, na hakuna mtu anakusimamisha mlangoni kukuuliza umebeba pesa ngapi. Kabla ya kadi tulikuwa tunangoja tu ipite yenyewe. Hiyo kungoja sitaki kuiandika hapa.

Hata kuingia kwenyewe kulikuwa na maneno. Siku walikuja kuangalia kama tunastahili, mama alipeleka TV kwa jirani, na pazia mpya, na sufuria zile nzuri. Wiki iliyotangulia jirani ndiye alikuwa ameleta TV yake kwetu, juu yeye ndiye alikuwa anaangaliwa. Kwa ploti yetu kila mtu anajua: wageni wa projekti wakisikika wako njiani, TV zinaanza kutembea. Tangu hiyo siku mimi huangalia hawa watu wa msaada kwa jicho lingine. Yule mwenye kuuliza anajua tumeficha. Sisi tunajua anajua. Na bado anaandika kwa fomu, na anasema asante kwa chai.

Sasa barua. Barua za sponsa, yule mfadhili wa ng'ambo, huja kwa Kiingereza, mdogo wangu anazileta nyumbani, na mimi ndio husoma na kueleza. Sponsa wake ni mama mjane, huandika kuhusu theluji na paka wake. Wiki mbili zimepita akaandika kitu kingine kabisa. Alisema amesikitika sana kusikia mbuzi yetu inanyeshewa na inakohoa. Alisema imemsumbua mpaka akashindwa kula vizuri. Kwa hivyo ametuma zawadi ya kujenga banda, na angependa picha mbuzi ikishapata mahali pakavu.

Nikasoma mara mbili. Sisi tunakaa chumba kimoja cha mabati, nje ni kamba ya nguo na mtaro. Mbuzi ingelala wapi, kwa rafu ya vyombo? Mama alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Mdogo wangu akasema anaenda kucheza.

Kwanza nilidhani barua zimebadilishwa, ni ya mtoto mwingine wa mashambani. Lakini jina lilikuwa la mdogo wangu, darasa lake, hata hesabu ambayo anapenda. Basi nikajua kuna mtu anamwandikia. Na kama kuna mtu anamwandikia mbuzi, basi kuna mtu anakula banda. Hiyo ndiyo fikira iliniingia na haikutoka. Sura ni ya mdogo wangu, kifua ni chake, na zawadi inaishia kwa mtu mwenye gari.

Mimi nafanya kazi town, kwa duka ya yunifomu karibu na msikiti, ambayo Ijumaa hufungwa mapema, nangoja kujua kama nitaendelea na masomo. Ofisi kubwa ya hao watu wa projekti iko hapo juu kidogo, jengo la lifti. Jumatatu saa ya lunch nikaenda. Mlinzi akaniandikisha kwa kitabu, nikapanda. Dada wa mapokezi alikuwa mzuri mpaka nikaogopa. Alinipa kiti, akanipa maji, halafu akauliza, kalamu ikiwa tayari, nambari ya mtoto ni gani. Hiyo nambari naijua kuliko ya simu yangu. Lakini nikaona venye itakuwa: wakifuatilia, jina la kwanza kufuatwa si la mkubwa wa Mountain View, ni hiyo nambari. Na kadi iko na hiyo nambari. Nikasema nimesahau. Akasema nirudi nikikumbuka. Nikanywa maji yote ndio isionekane nakimbia.

Mwenye duka, mama mmoja wa Mombasa, akaniuliza mbona nimerudi nimenuna. Nikamweleza nikijifanya ni mambo ya rafiki yangu. Alikuwa anapima kiuno cha sketi na hakuacha kupima.

"Mimi sadaka yangu natoa," akasema, "lakini anayepokea sitaki nimjue. Nikimjua, mwanangu, nitaanza kungoja anisalimie."

Nilipenda hiyo. Halafu nikakumbuka yeye amekaa kwa kiti na mimi nimesimama tangu asubuhi, nikaacha kuipenda sana.

Jumatano nilishukia Mountain View badala ya Kangemi, nikaingia projekti. Madam wa barua, yule anayesimamia watoto wa kwetu, si mtu mzee. Amevaa sweta imetoka nyuzi kwa mkono na meza yake imejaa faili. Aliposikia mbuzi akainuka, akafunga mlango. Nikasema moyoni, haya, mwizi hufunga mlango.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Zawadi ikitumwa na jina la kitu, lazima picha ya hicho kitu irudi. Hakuitunga yeye, ndivyo inafanywa. Picha isipoenda, zawadi inarudishwa na maelezo, na maelezo ni kwamba mtoto alidanganya kwa barua.

"Na mtoto akiandikwa ni mwongo, faili inafungwa," akasema. "Unataka nifunge?"

"Na zawadi itaenda wapi, kama banda hakuna?"

"Godoro na chakula. Mama yako anajua. Wewe umesoma, si uelewe."

Watu wakitaka ufunge mdomo wanakukumbusha umesoma. Nikamuuliza basi nani aliandika hiyo mbuzi. Akapanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Muulize mdogo wako," akasema.

Nikatoka nimechemka. Kumwekea mtoto wa miaka kumi makosa ya ofisi! Sikumuuliza mdogo wangu. Niliona nikimuuliza nitakuwa nimemsaidia yule madam.

Basi leo mama ameenda sokoni kuthibitisha mbuzi, ameniacha nimsuke mdogo wangu mistari ndio akae vizuri kwa picha. Nimemweka chini katikati ya magoti, ananipa kisogo. Akaniuliza kama mbuzi za soko huuma. Nikasema hapana. Akauliza kama zinanuka kwa nguo. Nikasema kidogo. Nikasuka mistari mbili. Halafu akasema:

"Wakijua, watachukua kadi?"

Nikamuuliza wakijua nini. Akajaribu kugeuka, nikamshika kichwa.

Nikamtoa maneno kidogo kidogo. Siku ya barua, madam huandika mfano ubaoni na wao wananakili, mtu anabadilisha jina na darasa na somo analopenda. Mfano wenyewe ulitoka kwa projekti nyingine huko mashambani, yeye anafikiri, juu ulikuwa na mto na mahindi. Na ulikuwa na mstari unasema nyumbani tuna mbuzi. Watoto wote wakaandika nyumbani tuna mbuzi.

"Wote? Hata wale wanakaa kando ya bomba la maji?"

"Wote. Hata yule analala kwa hoteli ya chai ya mamake."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Kangemi yote ina mbuzi na hakuna mtu amewahi kuziona. Na yeye akacheka kidogo, mabega yakatikisika kati ya magoti yangu. Nikamwambia haya, wote wako na mbuzi, sasa mbona yetu ndiyo inakohoa?

Akaanza kukwaruza sakafu na kidole. 

"Madam alisema tusiandike shida zetu," akasema. "Ati hiyo ni kuomba. Barua ni ya kusema asante tu. Kwa hivyo sikuandika mimi. Niliandika mbuzi."

Kwa upande ule wa kitanda analalia, mabati imetoboka tangu mvua ndefu. Mwenye ploti amesema atatuma fundi, amesema mara nyingi. Tumeweka karai, tukamgeuza alale miguu ikiwa huko, lakini blanketi hulowa na ikilowa kifua kinaanza. Haya yote tunayajua, ni kitu ya kila siku, hata hatuiongelei tena. Yeye akaenda akaiweka kwa mbuzi, mbuzi ikanyeshewa, mbuzi ikakohoa, na mtu wa mbali akashindwa kula.

Nikaendelea kusuka juu sikujua nifanye nini kingine. Nilivuta mpaka akasema aii, unaniumiza.

Nimekaa na hii tangu saa kumi, na sijaacha kushuku, isipokuwa sasa sijui nimshuku nani. Hiyo sheria ya kutoomba, ukiisikia mara ya kwanza inakaa nzuri, mtoto asifanywe ombaomba. Lakini ukiiangalia tena unajiuliza inamfunika nani, mtoto ama ofisi. Na yule madam, barua zote zinapitia kwake kabla ziende. Yeye ndiye aliweka sahihi kwa kadi ya kliniki. Alikaa hapo akasoma mbuzi inanyeshewa na inakohoa, imeandikwa na mtoto ambaye anajua vizuri kifua chake. Hakuona? Ama aliona, akaiacha ipite, juu ndiyo njia pekee ingepita? Kama ni hivyo basi nimemtukana bure wiki nzima. Na kama si hivyo, basi anataka tu picha yake imalizike. Sitaki kumwamini haraka, juu nikimwamini na nikosee, si mimi nitakosa pumzi.

Mama amerudi akiwa na furaha. Mbuzi ni ya kahawia, haina kelele, mzee ameahidi kuisafisha miguu. Amepiga pasi lile gauni la kanisa na kulitundika kwa msumari. Sikumwambia kitu. Nikimwambia atasema nikiharibu ni mimi nitampeleka huyu mtoto hospitali nikiwa nimembeba mgongoni.

Lakini picha sitaki ipigwe. Ikishapigwa, banda limejengwa, mbuzi imepona, na hakuna mtu tena popote atakuwa anafikiria kuhusu huyo anayekohoa.

Projekti hufunguliwa saa mbili. Kesho nitamwamsha mdogo wangu mapema, tutatoka kwa miguu kabla mama apitie sokoni, na tutamngoja madam mlangoni. Nitamwambia ampe mtoto karatasi nyingine, aandike mwenyewe kwamba mbuzi hakuna, anayenyeshewa ni yeye, na kama zawadi inaweza kuwa ya mabati basi iwe ya mabati. Madam akisema hiyo ni kuomba, nitamwambia ndiyo, tunaomba. Na akisema lazima kwa faili aandikwe mtu aliyedanganya, aandike mimi. Nitasema mimi ndiye nilimwambia aongeze kikohozi, mimi ndiye husoma barua na nilitaka zawadi. Mimi sina kadi ya kunyang'anywa. Huo utakuwa uongo, na tayari nimeanza kujizoeza kuusema bila kupepesa macho.