Neno Walilompa Baba

Hadi leo, nikisikia neno "idiopathic" damu hunichemka.

Baba alifanya kazi katika chumba cha kuchekechea majani ya chai, kwenye kiwanda kimoja upande wa Kericho, tangu sijazaliwa. Vumbi la humo ni jepesi, la kahawia. Alirudi nalo kwenye nyusi, likaingia hata kwenye Biblia yake. Mwaka jana pumzi zilipoanza kumkatika akivaa viatu tu, nilimpeleka hospitali. Daktari akaitazama picha ya kifua.

"Mzee, mapafu imekuwa ngumu. Hii tunaita idiopathic. Haina sababu."

Basi. Hakumwuliza amefanya kazi gani maishani. Nilipoanza kueleza habari za vumbi, alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine.

Mimi hufundisha baolojia katika shule moja huko Sigor, nikaenda kulitafuta neno lenyewe. Limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: idios, kitu cha mtu mwenyewe, na pathos, mateso. Wagiriki wa kale walimaanisha ugonjwa unaosimama peke yake, usiozaliwa na ugonjwa mwingine. Madaktari wa baadaye wakalichukua kusema kwamba chanzo hakijulikani. Sawa, sikatai mtu kutojua. Hata mimi siwezi kuapa kwamba ni vumbi. Lakini unasemaje hujui, na hata hujauliza?

Kilichonikera zaidi ni kwamba Baba alifurahi. Nyumba wanayokaa na Mama ni ya kiwanda. Kazi ya Baba ikiisha wanafungasha na kuhama, isipokuwa mtoto wao achukue nafasi yake. Na dada yangu mdogo alikuwa amemaliza shule, yuko tu nyumbani.

"Umesikia daktari," Baba aliniambia. "Si kazi. Hii ugonjwa ni yangu tu mwenyewe. Wacha mtoto aingie."

"Baba, hakusema si kazi. Hajui tu."

"Sasa wewe unajua kuliko daktari?"

Jumatatu asubuhi dada yangu alisimama mlangoni na aproni mpya. Baba akatoa kitambaa alichokuwa akijifunga puani miaka yote ile. Mama alikuwa amekifua kwa sabuni na kukianika juani, na bado kilikuwa na rangi ya chai. Baba akamfunga mwenyewe, kisogoni, akisita katikati ya kufunga fundo ili avute pumzi.