Mkono Uliokataa Kuachia

Mkono wa kulia wa Colette umelala juu ya meza, kiganja juu, vidole vimekunjwa nusu. Kuanzia chini ya kiwiko ni wa plastiki nyeusi. Eulalie Zagabe anaukandamiza kwa kidole gumba, upande wa juu wa kigasha. Mota inalia kwa sauti nyembamba na vidole vinafumba.

"Mi sijafanya kitu, Maman Eulalie," Colette anasema haraka.

"Najua. Tulia."

Eulalie anaondoa gumba. Vidole vinabaki vimefumba.

"Njo ile," anasema bila kuinua macho, yaani ndiyo ile, kwa Kiswahili cha huku. "Njo ile yenye ilifanyika Nyangezi."

Ni Ijumaa asubuhi, katika karakana ya viungo bandia kwenye mteremko wa Kadutu, mjini Bukavu. Kelele za soko zinapanda mpaka dirishani. Eulalie, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ni fundi wa karakana hiyo. Colette ni mchuuzi wa vitenge aliyepoteza mkono katika mkanda wa mashine ya kusaga mihogo. Kwenye benchi ameketi mama mkwe wake, Georgette, mkulima wa Nyangezi, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikiwa vimefungwa pamoja kwa bendeji. Mlangoni amesimama Hugues, mhandisi kutoka Kinshasa, mjumbe wa shirika lililoazimisha mkono huo kwa majaribio.

Miguuni pa Hugues kuna sanduku tupu. Mkono usipopata maelezo leo, utaingia humo.

"Maman, nasikitika, lakini kanuni ni kanuni," Hugues anamwambia Georgette. "Incident moja, explication moja. Ao mukono inarudi."

"Ingénieur, Kiswahili yako inachechemea kama mbuzi ya soko," Georgette anamjibu. "Lakini nimesikia. Mi pia nilikuya kusikia explication. Kidole ni yangu."

Kilichotokea Nyangezi kinaelezeka kwa maneno machache. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Colette alikwenda kumwamkia mama mkwe wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtembelea tangu apate mkono huo wa umeme. Alitoa mkono wa kulia, Georgette akaupokea, vidole vya plastiki vikafumba. Havikufumbuka. Colette alijaribu kuuvuta mkono wake, na kadiri alivyoukaza ndivyo vidole navyo vilivyozidi kubana. Mfupa wa kidole cha pete cha Georgette ulipata ufa.

Kijiji kilipata maelezo yake siku hiyohiyo.

"Jirani banasema iko na pepo ndani," anasema Georgette. "Nikabambia, pepo haikulake courant ya umeme. Hii kitu iko inakula courant kila mangaribi. Mi siogopake chuma. Hata jembe iko chuma. Lakini jembe, ukiiacha, nayo inakuacha."

Eulalie hacheki. Anaunganisha waya mwembamba kati ya mkono na kompyuta, na mistari miwili ya kijani inaanza kucheza kwenye kioo.

Alizaliwa Bunyakiri, binti wa mshona viatu. Anasema ngozi, gundi na sindano alivijua kabla ya kujua kusoma. Alipokuwa sekondari alikuta shuleni rundo la vitabu vya katuni vya Kifaransa, vingi vikiwa havina majalada. Katika kimojawapo rubani wa chombo cha anga alikatwa mkono, akapewa wa chuma, na kurasa chache baadaye alikuwa akivunja mawe kwa mkono huo na kupiga nao kinanda.

"Nilisoma ile kitabu mpaka ikapasuka," anasimulia. "Kisha nikaanza hii kazi. Njo nikaona yenye hawakuandika. Hakuna mahali banamupima yule muntu. Hatoke jasho. Courant haikatike. Anaamuka, mukono iko tayari."

Walioandika hadithi hizo hawakukosea kila kitu. Misuli inapokaza hutoa umeme, ingawa ni mdogo mno, sehemu ya elfu ya volti au pungufu. Kigutu cha Colette bado kina misuli iliyokuwa ikifumba na kufumbua vidole vyake. Ndani ya ganda la plastiki linalovalishwa juu ya kigutu kuna vihisi viwili vinavyogusa ngozi, kimoja cha kufumba na kingine cha kufumbua. Colette akikaza misuli kana kwamba bado ana vidole, kihisi husoma na mota huzunguka. Mikono ya aina hiyo imekuwepo tangu karne iliyopita.

Waliposhindwa kukisia ni pale ambapo mkono hukutana na maisha. Mkono huu hauhisi. Katika maabara chache duniani watafiti wamefaulu kumrudishia mtu kiasi fulani cha mguso. Nje ya maabara hizo, mkono haujui kama umeshika chupa au kidole cha mama mkwe.

"Colette, simama," anasema Eulalie. "Nisalimie kama vile ulimusalimia Maman Georgette."

Colette anasimama. Anainama kidogo kutoka kiunoni, anatoa mkono wa kulia, na wa kushoto unakuja wenyewe kushika kigasha cha ule wa kulia.

Hapa Bushi, eneo linalouzunguka mji huu, na karibu kote Kivu, mtu hamsalimii mkubwa kwa mkono mmoja. Huutegemeza ule wa kulia kwa wa kushoto. Ndivyo anavyopokea zawadi, ndivyo anavyopokea bilauri ya maji. Watoto hufundishwa kabla hawajajua kusema vizuri, na baada ya hapo hakuna anayefikiri tena.

Kwenye kompyuta, mstari mmoja umeruka hadi juu. Vidole vya mkono wa Colette vinafumba hewa.

Vidole vya mkono wa kushoto viliangukia juu ya kihisi cha kufumba, tabaka moja tu la plastiki likiwa katikati. Ganda likasogea juu ya ngozi, na kihisi kikaona msukosuko huo kuwa amri. Kule Nyangezi, Colette alipoogopa aliushika mkono kwa nguvu zaidi ili auvute. Bila kujua, alikuwa akiuamuru uzidi kufumba.

"Nilimupima akiwa amekaa," anasema Eulalie. "Kiwiko ku meza, mukono mbele. Kitabu ya wazungu inaonyesha vile. Na mi mwenyewe nasalimiaka bakubwa vile kila siku. Sikuwaza hata kidogo."

Hugues anavuta kiti. Anakiri kwamba ofisi yao ilishatoa ushauri kwa ujumbe: mgonjwa afundishwe kutoshika kigasha.

"Niache kusalimia bakubwa?" Colette anauliza.

Georgette anamgeukia mhandisi na kumtazama mpaka mhandisi huyo anashusha macho.

"Bon," anasema Hugues. "Tutafute ingine."

Eulalie ameshaanza kuitafuta. Anakata kipande cha bomba la maji la plastiki, anakilainisha juu ya jiko la makaa kwa kuwa umeme umekatika tangu alfajiri, kisha anakipinda kiwe kama daraja dogo juu ya kihisi. Nguzo zake zinakaa pembeni, juu ya mfupa. Anayeshika hapo atalishika daraja, na kihisi hakitasikia kitu.

Hugues ana sharti moja. Anataka kitufe cha kuufungua mkono kiwe kwenye kifundo cha mkono, kikubwa, mahali ambapo mkono wa kushoto utakifikia bila kukitafuta. Eulalie alikuwa amekificha ndani ya ganda, chini ya mkono wa blauzi, kwa sababu Colette hakutaka wateja wakione, na Jumapili ile, kwa hofu, hakukifikia upesi.

"Ataona haya," Eulalie anasema.

"Haya haivunje mfupa," anajibu Hugues.

Eulalie anafikiri. Kisha anatoboa tundu na kukihamisha kitufe. Katika jambo hilo, anasema baadaye, mhandisi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jaribio la kwanza linafanywa kwa mkono wa Eulalie mwenyewe. Colette anainama, anashika daraja, anautoa mkono mweusi. Eulalie anaweka vidole vyake ndani. Mota iko kimya. Colette anaanza kuinuka, na hapo sauti nyembamba inasikika tena.

Vidole vinafumba juu ya vidole vya fundi.

Georgette ameshasimama. "Nilisema! Nilisema!"

"Usivute," Eulalie anamwambia Colette. Sauti yake haijapanda. "Toa mukono ya kushoto. Usivute."

"Bouton!" anaita Hugues.

Colette anapapasa, anakipata, anabonyeza. Vidole vinafumbuka. Eulalie anakung'uta mkono wake. Alama nyekundu inapita juu ya vidole vitatu.

"Inauma?" anauliza Georgette.

"Inauma, Maman."

"Sasa unajua."

Colette ameketi tena, uso ameugeuzia ukutani. Katika soko la Kadutu yeye hufungua kitenge, hukipima kwa mikono miwili, hukikunja na kumkabidhi mteja. Kabla ya kupata mkono huu alikuwa akikanyaga pindo la kitambaa kwa goti ili kukikunja, na wateja wengine hawakutaka kitambaa kilichoguswa na goti. Anasema kwa sauti ndogo kwamba bora alale gizani mwaka mzima kuliko sanduku lile lifungwe na mkono wake ndani.

Eulalie anarudi kwenye mistari ya kijani. Kompyuta inaendelea kwa betri, na betri hiyo inaisha. Anamwomba Colette ainame na abaki ameinama. Anamwomba ainuke polepole. Anarudia, na kwenye kioo kosa la pili linaonekana. Mtu anapoinama na kuinuka, kigutu hubadilika umbo ndani ya ganda, na msuli hukaza kidogo bila mwenyewe kutaka. Kwa mtu aliyeketi, kiasi hicho kidogo ndicho kilichowekwa kuwa amri ya kufumba.

Anapandisha kiwango. Sasa mkono hautafumba mpaka Colette akaze msuli kwa nguvu iliyo wazi. Anamweleza gharama yake pasipo kuipamba: atachoka mapema, na mkono utakuwa mzito wa kutii.

"Niko nachoka tangu zamani," anasema Colette. "Weka."

Wanajaribu tena. Eulalie anaweka vidole vilevile vyenye alama. Colette anainama, anainuka. Mkono uko kimya. Hugues anaweka vyake, mara ya kwanza akiwa ameng'ata midomo. Wanarudia huku Colette akitembea, akikohoa, akigeuka ghafla kuitika jina lake. Kimya.

Halafu wote wanamtazama Georgette. Bila ridhaa yake, Hugues ameshaeleza, mkono hauwezi kurudi nyumbani kwa Colette.

Mama huyo haendi mezani. Anabaki karibu na benchi na kuweka sawa kitenge chake kiunoni.

"Munapima sana," anasema. "Kwangu haakuye kupimwa. Colette, toka inje. Piga hodi. Kuya unisalimie kama vile hatujaonana siku mingi."

Colette anatoka. Mlango unagongwa. Anaingia, anainama, mkono wa kushoto unakwenda mahali pake.

"Maman, jambo."

Georgette anautazama mkono ule. Kisha anatoa wake wa kulia, bendeji na yote, na kuuingiza kati ya vidole vya plastiki. Colette anaanza kuinuka, na ganda linasogea juu ya kigutu.

Mota haisikiki.

"Jambo, mutoto wangu. Kwenu munaamuka muzuri?"

"Tunaamuka muzuri, Maman."

"Sasa funga. Polepole."

"Maman, hapana," anasema Eulalie.

"Nimesema afunge. Nataka kujua kama iko inamusikia yeye, ao iko inajisikia yenyewe."

Colette anakaza. Sauti nyembamba inaanza. Vidole vinagusa bendeji, Colette analegeza msuli, navyo vinasimama.

"Achia."

Inachukua muda kidogo, wa kutosha kwa mikunjo kujichora kwenye paji la uso wa Georgette. Kisha vidole vinafumbuka. Anautoa mkono wake, anauchunguza pande zote mbili, na kuketi.

"Atavaa," anasema. "Ku soko, atavaa. Ku misa, atavaa. Kwangu akuye nayo. Lakini Nathanaël, asimushike na ile mukono. Hata kidogo."

Nathanaël ni mtoto wa Colette. Ana miezi tisa. Mama yake anafungua kinywa kutaka kubisha, kisha anamgeukia Eulalie, akingoja amtetee.

Eulalie hamtetei. "Maman Georgette iko na haki," anasema. "Mi pia ningekataza. Ile mukono inakusikia weye, lakini haimusikie mutoto. Akilia, haitajua iko inamubana."

Hugues anachukua sanduku lake na kwenda nalo kwenye gari, jepesi kama alivyolileta. Colette na mama mkwe wake wanashuka pamoja kuelekea sokoni. Kwenye ngazi za udongo Georgette anatangulia, akimwambia mkwewe wapi pa kukanyaga.

Fundi anabaki akifagia vumbi la plastiki. Anasema anajua afanye nini baadaye. Zipo pedi ndogo, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zinazopima mgandamizo. Akizipata, atazibandika kwenye ncha za vidole na kuziunganisha na mota, ili mkono usimame wenyewe kabla ya kuumiza. Mguso wa kweli, kama ule wa rubani wa katuni, hatarajii kuupata. Pedi ameziagiza kwa barabara, pamoja na vipuri vingine, na hajui zitafika lini.

Anaulizwa kama hilo si kubwa mno kwa karakana isiyo na umeme mchana. Anafikiri, ufagio mkononi.

"Kumubeba, amepoteza ile. Siwezi kumurudishia," anasema. "Lakini mutoto wa miezi tisa karibu anaanza kutembea. Hatataka kubebwa tena. Atataka tu muntu wa kumushika mukono, na pale nataka niwe tayari."