Cheni Mpya kwa Meno ya Zamani

Nakumbuka Alhamisi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipotoka Ibra mapema kwenda Sur kutafuta mke. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu ya dishdasha iliyopigwa pasi ikanyooka, na pikipiki yangu nimeifunga cheni mpya. Nilijiona bwana harusi tayari. Nilipofika mlangoni kwa watu, pikipiki ilikuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Lakini nianze nyuma kidogo, maana nyie vijana mkiona mzee amevaa kilemba mnadhani alizaliwa nacho. Mimi nilizaliwa Tabora, na baba yangu alifia huko. Nilipokuja Omani nikiwa kijana, aliyenipokea Ibra ni ami yangu Hamed, ndugu wa baba, ambaye yeye hakuwahi kuvuka bahari. Alinipa chumba, akanizungusha ofisi hadi ofisi mpaka nikapata karatasi zangu, akanitafutia kazi ya serikali. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji.

Rahma alikuwa mwalimu, watu wao wa Unguja waliohamia Sur. Nilimwona kwenye harusi ya binamu yangu, binamu akanipelekea salamu, salamu zikarudi, na mwisho nikaambiwa nije nyumbani kwao. Desturi unaijua: posa hupelekwa na wazee. Ila mimi nilijifanya mjanja. Nilijua nyumba ile ni Kiswahili mtupu kuanzia ukumbini mpaka jikoni, nikaona ami yangu atakaa pale akitazama dari, watu wakicheka na yeye hajui wanachekea nini. Basi nikamwambia naenda Sur kutembea, nikaondoka peke yangu.

Na hiyo cheni nayo ina kisa chake. Wiki ile cheni ya zamani ilikuwa imelegea, inaruka kila nikiongeza mafuta. Duka la spea pale Ibra lilikuwa na cheni, lakini sproketi hazikuwapo mpaka ziletwe kutoka Maskati. Kwa asiyejua pikipiki, sproketi ni zile sahani mbili za chuma zenye meno, ndogo iko mbele kwenye injini na kubwa iko nyuma kwenye gurudumu, na cheni huzunguka juu yao. Mimi ningengoja Maskati wakati moyo umeshafika Sur? Nikafunga cheni mpya juu ya meno yaleyale. Mpaka Bidiya nilikwenda vizuri, naimba. Nilipopita Al Kamil ikaanza tena kuruka, na kila ikiruka nilihisi kama mtu ananipiga teke la kisigino.

Nassor, kaka yake Rahma, ndiye aliyenifungulia. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Nassor ndiye angemwozesha dada yake, lakini kila mtu Sur alijua kwamba neno la nyumba ile ni la mama yao, Bi Zuwena. Nilimkuta ameketi, kanga begani, miwani puani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha tende na kahawa, akaniuliza hali ya Ibra na joto lake. Kahawa ilipokwisha akainuka.

"Hebu tuitazame hiyo pikipiki yako," akasema. "Mtaa mzima umeshaisikia."

Sikujua kwamba marehemu mumewe alikuwa na duka la spea za pikipiki, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikaa dukani mume akienda kununua mali. Aliinama kidogo tu, akaivuta cheni kwa kidole pale kwenye gurudumu la nyuma.

"Cheni mpya hii."

"Ndiyo, mama. Nimeifunga juzi."

"Na haya meno?"

"Ya zamani."

"Tazama yalivyolala, utasema mapezi ya papa. Meno yakishalika hivi huitafuna cheni mpya mpaka nayo iwe kama yao. Vitu hivi vitatu hubadilishwa pamoja, baba. Nassor, nenda stoo ulete boksi la sproketi la marehemu."

Tukavua dishdasha tukabaki na fulana na vikoi. Nassor akafungua nati ya eksele, mimi nikatoa gurudumu la nyuma, tukafungua boliti za sproketi kubwa, kisha tukatoa kifuniko cha injini na kuikuta ile ndogo imelika vibaya zaidi. Bi Zuwena alikaa kwenye kiti mlangoni akituongoza kama nahodha. Tulipofunga sproketi mpya na kuirudisha cheni, aliuliza klipu inayobana kiungo cha cheni imeelekea wapi, na Nassor akaigeuza, maana kichwa cha klipu kilichofungwa lazima kitangulie mbele. Rahma alipita na jagi la maji, akaiona mikono yangu myeusi mpaka viwiko, akatabasamu akaingia ndani. Mwanangu, nilifurahi siku ile, sikufichi. Nilijiambia nimeshakuwa mtu wa nyumbani.

Nilikuwa napima cheni isikaze sana, icheze vidole viwili, aliponiuliza, "Na wewe umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Huna wazee?"

Nikamweleza habari zote za ami yangu, alivyonipokea na alivyonitafutia kazi. Nikamwambia hajui Kiswahili, na sikutaka aje kukaa kama bubu mbele ya watu. Nilisema kwa fahari, kama mtu aliyefanya jambo la huruma. Bi Zuwena alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Sikiliza, baba. Mie sina neno na wewe, na binti yangu pia hana neno na wewe, nimeshamuuliza. Lakini mtu aliyekushika mkono mpaka ukasimama, wewe unamwacha nyumbani kwa sababu ya maneno? Kesho utamwacha mwanangu nyumbani kwa sababu gani? Rudi Ibra. Ukija na ami yako, mlango uko wazi. Ukija tena peke yako, utakunywa kahawa uende zako."

Nilirudi na pikipiki inayokwenda kimya kabisa, na kimya kile kilinitesa. Ningemweleza nini ami? Pengine angekasirika akakataa kwenda, na Rahma ningemkosa hivihivi.

Nilimkuta sablani, chumba chake cha kupokelea wageni. Akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za safari kama kawaida, nami nikamwambia yote kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Kisha akaniuliza kwa upole, "Wlidi, mwanangu, uliogopa nitaona haya mimi, au utaona haya wewe?"

Akatikisa finjani lake kuashiria imetosha, akasema, "Alhamisi ijayo tutakwenda kwa gari langu."

Tukaenda. Ami Hamed alivaa kilemba chake cha sikukuu na jambia la khanjari kiunoni. Alisalimia, akaulizwa habari, akajibu hakuna ila kheri, kila kitu kwa utaratibu wake, na Nassor akawa anatafsiri huku na huku. Bi Zuwena alisema kwa Kiswahili, ami akasema kwa Kiarabu, na nilishangaa kwamba wakati mwingine walicheka kabla Nassor hajamaliza kutafsiri. Kisha ami akaweka finjani chini.

"Nimekuja kumwombea mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Baba yake hayupo, mimi nimesimama mahali pake. Kijana huyu alipokuja kwangu hakujua Kiarabu. Mwaka mzima nilimkalisha sablani kwangu pamoja na wageni wangu, akimimina kahawa na haelewi wanasema nini. Watu walimpenda hivyohivyo. Kwa hiyo mimi leo sikuogopa kuja."

Nassor alitafsiri. Bi Zuwena alinitazama. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, machozi yananitoka mbele ya wakwe, na wala sikuyafuta. Mwaka mzima ule ningeweza kufichwa chumbani, mwanangu, na hakunificha hata siku moja.

Rahma nilipewa siku hiyohiyo, alhamdulillahi, na amenivumilia mpaka leo.

Sasa nakuambia wewe, maana naona zamu yako inakaribia. Nyie mnaongea Kiarabu na Kiingereza upesi upesi, na Kiswahili chetu mnakisikia tu, kujibu hamjibu. Sawa, kila watu na wakati wao. Lakini siku utakayokwenda kwa watu kutafuta mke, au kazi, au heshima yoyote, usimwache nyumbani bibi yako Zuwena kwa kuwa Kiarabu chake kinachechemea. Mvalishe vizuri, mkalishe mbele, umtafsirie neno kwa neno. Cheni haibadilishwi peke yake; nawe jambo lako jipya liingie pamoja na wale waliokubeba, ndipo litakwenda.

Mungu akupe nyumba yenye kicheko, akupe watoto watakaokukalisha mbele siku ulimi wako utakapokuwa mzito, na akulinde barabarani. Amin.