Bendera ya Kisutu ya Bi Kazija

Kwa miaka tisa Watanzania wa Guangzhou walimwita Kazija Mpoteza Watu, na kwa miaka tisa aliitika. Siyo kwamba hakuumia. Aliumia mno. Lakini mtu anayekula kwa kuongoza wageni sokoni hana nafasi ya kununa. Akinuna, mgeni humfuata mwingine.

Kazi yake ilikuwa hiyo tangu alipofika kutoka Unguja, miaka kumi na minane sasa. Mfanyabiashara akishuka ndege kwa mara ya kwanza, hajui kushoto wala kulia, Kazija ndiye humpokea. Humpeleka Liuhua kwenye maghorofa ya nguo na viatu vya jumla, humpeleka Xintang kwenye viwanda vya jinzi, humsemea Kichina, humgeuzia nguo upande wa ndani ampe ukweli wa mshono, humwambia hiki chukua, hiki kiache, kitakuaibisha Kariakoo. Wenzake walijifunza neno la kwanza la soko, tai gui, ghali mno, wakaishia hapo hapo. Kazija, aliyeishia darasa la saba, alijifunza Kichina cha kugombana, cha kubembeleza na cha kusoma mikataba. Hakusomeshwa na mtu. Alikaa kwenye ngazi za maduka na daftari lake, akauliza, akachekwa, akauliza tena.

Doa lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na jina: Odilia, mwanamke wa Mwanza, muuza vitambaa vya makochi, ambaye wengi humwita Mama Goodness kwa jina la binti yake. Miaka tisa nyuma Kazija alimpeleka Liuhua asubuhi. Kufika adhuhuri, Odilia hayupo. Kazija alipanda na kushuka ghorofa mpaka miguu ikavimba, akaenda polisi, akalia mbele za watu. Jioni Odilia akapatikana Kangle, ng'ambo ya mto, kwenye vichochoro vya mafundi cherehani, anabubujikwa na machozi: "Kazija kaniacha! Kaniacha nchi ya watu!" Maneno hayo yalifika Dar kabla hata Odilia hajafika nyumbani kwake. Tangu siku ile kila penye pilau Odilia aliisimulia upya, na kila mara Kazija alizidi kuwa mbaya.

Sasa, uliza wewe, mtu aliyepotea Liuhua anafikaje Kangle? Kazija alijiuliza swali hilo siku ile ile, akapata na jibu lake. Akanyamaza. Kwake ilikuwa sheria: anayeongoza watu hamvui nguo anayemwongoza.

Wazo la safari ya mapumziko lilianzia kwa Laoban Chen, bosi mwanamke mwenye ofisi ndogo ya utalii karibu na stesheni ya treni. Huyu Chen alimfahamu Kazija siku nyingi. "Watu wako," alimwuliza, "wanakuja kununua, wanarudi. Hawapumziki hawa?" Kazija akacheka, lakini swali likamkera. Kweli, alikuwa na wateja waliokuja China mara ishirini na walichokiona ni maduka, ghala na uwanja wa ndege. Basi wakapanga: wiki ya kwanza ya Oktoba, viwanda vikiwa vimefungwa kwa sikukuu, Kazija awapeleke Waswahili Vietnam siku tano. Mahekalu, ghuba, mashambani. Chen aliweka sharti lake waziwazi. "Utoe kumi na mmoja, urudishe kumi na mmoja. Ukiweza, kila msimu nitakupa safari, na tangazo litakuwa na jina lako. Akipotea hata mmoja, tusahau."

Kazija alizikusanya pasipoti, akazisoma moja moja. Heriel, muuza simu kutoka Arusha, alikuwa na viza ya China ya kuingia mara moja tu.

"Wewe huendi," akamwambia.

"Kwa nini? Si nimelipa?"

"Pesa zako hizi hapa. Ukitoka China leo hurudi, na kontena lako liko bandarini halijafungwa. Utalitazama kutoka Hanoi kwa darubini?"

Heriel alifoka kwamba Mpoteza Watu naye kajifanya ubalozi, akaondoka. Nafasi yake ikabaki wazi siku mbili. Aliyekuja kuichukua, bila haya wala soni, alikuwa Odilia. Kazija akasema, "Karibu, Mama Goodness. Viatu vya kutembelea unavyo?"

Bendera alijitengenezea mwenyewe. Viongozi wa Kichina hubeba vibendera vidogo vya rangi, na wiki ile wangekuwa maelfu. Kazija alikata kipande cha kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, akakifunga kwenye fimbo ya kurefuka. Ikiinuliwa, inaonekana hata ungekuwa mwisho wa foleni ya Hanoi nzima.

Na aliwaongoza, wallahi aliwaongoza! Mwenyeji wao kule alikuwa Bi Lan, Mvietnamu anayejua Kichina. Lan anasema Kichina, Kazija anakimimina kwa Kiswahili, tena kwa chumvi yake. Kwenye hekalu la wasomi wa zamani, Msabaha, muuza viatu wa Tandika na bingwa wa utani, aliuliza mlangoni kama Mwislamu aingie au asiingie. "Tunatazama, hatuabudu," Kazija akajibu. "Vua kofia, punguza mdomo." Hekalu la pili lilitaka wavue na viatu. Alipogeuka kuwatafuta, Msabaha alikuwa kachuchumaa mlangoni anapindua viatu vya watu na kukagua soli.

"Hii si ngozi hii," anasema. "Bi Kazija, waambie wameibiwa."

Kwenye ghuba ya Ha Long walilala ndani ya meli. Milima ya mawe ilikuwa imesimama majini, mingi, kila mmoja na kichaka chake kichwani, na wale watu waliozoea kupiga kelele sokoni walinyamaza wote. Kazija alikuwa amebeba sufuria yake mpya kutoka Guangzhou. Aliingia jikoni akapatana na mpishi: samaki na mboga za Waislamu zipikwe humu tu, na nguruwe asisogee. Mpishi alicheka, akakubali. Msabaha alikula sahani tatu, akasema miaka kumi na mbili anakuja Asia na leo ndiyo kwanza amefika. Kazija aliyasikia maneno hayo akiwa ameshika mwiko, akajiona mtu kati ya watu. Odilia naye alikula.

Siku ya tano ilikuwa ya mashambani, Tam Coc. Wanawake wa pale hupiga makasia kwa miguu, wameegemea nyuma kama wako kwenye makochi yao, na mashua inapita katikati ya mpunga mpaka ndani ya mapango. Walirudi gatini wamelowa na wanacheka. Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa la saa nane kamili. Saa nane Kazija akahesabu: kumi. Akahesabu tena: kumi.

Odilia hayupo.

"Yaleyale!" mtu akasema nyuma ya basi. "Kaanza tena!"

"Mpoteza Watu, umempeleka wapi Mama wa watu safari hii?" Msabaha akadakia, na kicheko kikapita basi zima. Miaka kumi na minane ya kazi, na mwisho wake ni hapa, kwenye vumbi la maegesho, kwa mtu yule yule mmoja.

Bi Lan alishika simu, anataka kuwaita polisi, watafute gatini, watafute vyooni. Kazija akamshika mkono. "Ngoja. Vitambaa vya kudarizi wanavyouza hapa vinatoka wapi?"

"Duka liko pale barabarani."

"Siulizi duka. Nauliza vinakodariziwa."

Lan alimwonyesha njia nyembamba kati ya mashamba ya mpunga, kwenye nyumba za vigae. Kazija alikunja gauni, akakaza mwendo, bendera mkononi. Nyumba ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu, barazani, kwenye kigoda kifupi, Odilia amekaa na kikokotoo mkononi na rundo la vitambaa vyeupe mapajani, anawabembeleza wanawake watatu kwa Kichina cha kuokoteza wasichokielewa: "Tai gui! Tai gui!"

Alipoiona bendera, kikokotoo kilimponyoka.

"Bi Kazija... nimepotea mwenzio."

Maneno ya miaka tisa yalimjaa Kazija kinywani, makali, yamepangwa vizuri, maana usiku mwingi aliyapanga. Aliyameza. Aliinama, akachukua kitambaa kimoja, akakigeuza upande wa nyuma kama alivyogeuza maelfu ya nguo Liuhua.

"Mgongo wake msafi," alisema. "Hii ni kazi ya mkono, si mashine. Bei yao ni ya haki. Chukua namba yao ya simu, tutaongea nao tukiwa Guangzhou. Inuka, basi linasubiri."

Walipita shambani mmoja mbele, mmoja nyuma. Katikati ya njia Odilia akasimama.

"Ile siku ya Kangle," alisema. "Ulijua?"

"Kutoka Liuhua mpaka Kangle ni kuvuka mto, Mama Goodness. Mto hauvukwi kwa bahati mbaya."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mteja wangu."

Odilia akaanza kutembea tena. Mpaka wanafika alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kilemba.

Basini walipokelewa kwa makofi ya kebehi. "Alhamdulillahi!" Msabaha akapaza sauti. "Mpoteza Watu leo kampata mtu!" Kazija hakumtazama. Alisimama mbele, akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi akagundua Odilia hajaketi. Amesimama ubavuni pake, na kipaza sauti cha Bi Lan kiko mkononi mwake.

"Ndugu zangu," Odilia alisema, na sauti ikakwaruza spika. "Sikupotea leo. Nilitoroka. Nilitaka nifike kwa wadarizi peke yangu, nisipitie kwa mtu. Na miaka tisa iliyopita sikupotea pia. Nilisikia Kangle ndiko vitambaa vinakoshonwa, nikamkimbia huyu mama pale Liuhua, nikapanda teksi. Kule nikashindwa kurudi, nikaona aibu, nikamtupia yeye. Hakunipoteza. Nilimkimbia. Na yeye alijua, siku zote alijua, na leo tena kanifuata shambani na hakunitukana hata tusi moja. Kanitazamia mshono. Mimi ndiye wa kuchekwa. Haya, nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Dereva mwenyewe, asiyejua Kiswahili, alizima redio.

Msabaha akasimama polepole. "Bi Kazija, jina lile mimi ndiye niliyeliimba kuliko wote. Nisamehe, dada yangu. Mbele ya hawa."

"Nimekusamehe. Kaa chini, tutakosa ndege." Kisha akamgusa Odilia bega, akamwonyesha kiti. "Na wewe kaa. Kumi na mmoja." Neno hilo alilitamka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akageukia dirishani, akalia kwa furaha bila kumwonea haya mtu.

Usiku huo, uwanja wa ndege wa Guangzhou, Laoban Chen alikuwa nyuma ya vyuma vya wanaopokea wageni. Naye alikuwa anahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Mtu wa kumi na mmoja alipotokea, Chen alikunja ngumi akainua kidole gumba. "Desemba," alimwambia Kazija. "Kambodia. Tangazo naandika kesho. Jina lako linaandikwaje?"

Kazija alimwandikia kwa herufi kubwa, jina lake na la baba yake: KAZIJA GHARIB. Aliagana na wasafiri wake mmoja mmoja, akaanza kuikunja fimbo. Pembeni, Odilia alikuwa ameziba sikio moja kwa kiganja, anapiga simu Mwanza. Binti yake Goodness alikuwa aje China mwezi ujao kwa mara ya kwanza, na mama huyu kila siku alikuwa akisema atampokea mwenyewe.

"Goodness, nisikilize," alikuwa anasema. "Nimebadilisha. Ukitoka tu pale nje, usimsikilize dereva, usiwasikilize marafiki zako wa mtandaoni. Tafuta bendera ya kisutu. Aliyeishika anaitwa Bi Kazija. Mfuate yeye, popote anapokwenda. Na ukimkimbia, mwanangu, ujue umejipoteza mwenyewe."

Kazija alisikia. Aliirefusha tena fimbo mpaka mwisho wake, akaiinua juu, akaelekea kwenye treni ya chini ya ardhi bendera ikiwa hewani, ingawa safari ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekuwa nyuma yake.