Muuza Tiketi za Matembezi ya Ziwani

Muuza tiketi huyu alihamishia meza yake kando ya barabara Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, maji ya ziwa yalipoingia ndani ya biro, yaani ofisi yake. Tangu siku hiyo huonyesha njia kwa midomo, maana mkono mmoja umeshika muhuri na mwingine unazuia tiketi zisipeperuke. Ziwa likiwa shwari, mashua ya matembezi hupakia watu ufukweni. Mawimbi yakipanda, hupakia kwenye mdomo wa mto Lukuga. Midomo yake haikosei kamwe, ila kalamu aliyoibana menoni huelekea upande wa pili, na wageni hufuata kalamu. Mama Séraphine, mwenye mashua, alishamwonya: mteja mmoja zaidi akipotea, kazi imekwisha. Jumapili hii, mawimbi yakiwa juu, maharusi wa jana walifuata kalamu. Muuza tiketi alipoinua macho, aliwaona wameketi juu ya magunia ya saruji katika boti ya mizigo ya kwenda mji mwingine, iliyokwisha kuwasha injini, wakimpungia mikono.

“Papa, mushuke! Hiyo njo ya Moba!” alimpigia kelele mume.

“Si wewe njo ulituonyesha?” bwana harusi akajibu. “Tena tumepata nafasi nzuri.”

Aliingia majini na viatu vyake, akambeba bibi harusi mgongoni, kisha bwana, akawakimbiza hadi Lukuga. Mama Séraphine aliitazama suruali yake iliyolowa, kisha gauni lililojaa saruji.

“Hata maharusi, Papa?”

Hakumfukuza. Kuanzia Jumapili ijayo atauzia tiketi ndani ya mashua, na wateja watajitafutia njia wenyewe.