Jina la Ardith Liko Kentucky

Kosa la Ardith Combs lilikuwa ukweli. Alipohama Kentucky kwenda Ohio kulea mapacha wa mwanawe Lonnie, alipiga simu mwenyewe kwa watu wa bima ya afya ya jimbo la Kentucky akawaambia, "Nimehama, nifuteni." Huko milimani alikokulia, mtu haendelei kula cha nyumba aliyokwisha kuiaga. Wakamfuta hata kabla hajamaliza kuwashukuru.

Wiki chache baadaye, akiwa anaoga, akagusa kijivimbe kwenye titi la kushoto.

Pale maktaba ya mtaa kulikuwa na Paula, anayesaidia watu kuomba bima. "Mama, lazima uthibitishe kwamba sasa unaishi Ohio," alimwambia. "Mkataba wa nyumba, bili ya umeme, chochote chenye jina lako. Mwisho wako Ijumaa. Ikipita hiyo, ngoja bima zinazoanza Januari."

"Bili zote ni za mwanangu."

"Basi akuandikie barua kwamba unakaa kwake. Mistari miwili na sahihi, imekwisha."

Mistari miwili! Ardith alirudi na furaha, akapika maharage na mkate wa mahindi, chakula alichokipenda Lonnie tangu utotoni. Lonnie alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama mkewe Krista. Krista akatazama sahani.

"Mama, mkataba wetu wa nyumba ni wa watu wanne," Lonnie akasema. "Mwenye nyumba akijua uko hapa atatutimua."

"Kwani mimi nakaa wapi?"

"Wewe ni mgeni, Mama. Kwenye karatasi, yaani."

"Mgeni anayekufulia chupi?"

"Jamani, watoto wanasikia," Krista akadakia. "Si ungoje tu hiyo Januari? Huenda ni mafuta tu hayo."

"Haya. Siku kikiota kwako, nawe ukiite mafuta."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Ardith alikabidhiwa jembe siku ya kwanza, sanduku lake likiwa bado mlangoni, na Krista akamwachisha kazi yaya siku hiyo hiyo. Jembe wakampa, ugeni wasimvue. Mimi naona ni unyang'anyi, hata kama aliyeufanya alimwita Mama.

Asubuhi ya Ijumaa alikuta karatasi mezani yenye mwandiko wa Lonnie. Akaichukua upesi, akidhani ni ile barua. Ilisema mapacha wasikose dawa ya kikohozi, na maziwa yameisha.

Akawapeleka mapacha chekechea, akapitiliza hadi maktaba mikono mitupu. Paula alijaribu kila njia. Leseni ya gari ilikuwa ya Kentucky. Benki, Kentucky.

"Mama, hakuna kabisa mahali palipoandikwa jina lako?"

"Papo. Lakini ni jiwe." Marehemu mumewe Virgil alipozikwa, walichonga majina yao wote wawili kwenye jiwe moja la kaburi kule Kentucky, kama wafanyavyo kwao. Lake lilikuwa na mwaka wa kuzaliwa, na nafasi tupu pembeni.

Paula akafunga kompyuta.

Nje, simu ikalia. Ni Lonnie. "Mama, Krista kachelewa kuwachukua watoto. Uko nyumbani?"

"Nyumbani ni Kentucky, mwanangu, na pananingoja," Ardith alisema. "Ila watoto nitawachukua."

Akaenda kuwachukua, na njiani akanunua maziwa.