Goti la Songlu

Kila asubuhi jirani yetu Songlu alitoka uchochoroni na kanzu yake ya hariri yenye viraka mgongoni, ameshika tundu la ndege, akitembea kwa madaha kama mtu anayekwenda kunywa chai. Beijing nzima ilijua aendako. Akifika kwenye banda la Mzee Liu, mkodisha vigari, huvua kanzu, hutundika ndege ukutani, kisha hushika kigari cha kukokota abiria. Ukimuuliza, yeye bado ni askari wa mfalme, yuko likizo tu. Mfalme mwenyewe alikuwa ameng'olewa zaidi ya miaka kumi, wala hakuaga.

"Baba Fuhai, likizo gani hiyo isiyo na mshahara?" mkewe alimchokoza. "Huyo mfalme wako anakujua hata jina?"

"Mke wangu, babu alikula mchele wa mfalme, baba akala, na mimi nikala."

"Basi leo tutakula heshima. Mchele umekwisha."

Baridi ilikuwa imekaribia na makaa hawana. Tena Mzee Liu alikwisha kumwonya: abiria mmoja tu akija kulalamika, kigari anapewa mwingine.

Siku hiyo nilikuwa nauza viazi vitamu karibu na Mnara wa Ngoma. Songlu akaja mbio, amempakia mfanyabiashara wa vitambaa, bonge la mtu. Mbele yake kikatokea kigari kitupu, mkokotaji kajiziba uso kwa shali. Lakini mwendo wa mtu haufichiki. Alikuwa Kapteni Wenpu, aliyeongoza kikosi chao zamani.

Sisi watu wa jeshi la mfalme tumelelewa hivi: ukikutana na mkubwa wako, hapo hapo unapiga goti moja, mkono wa kulia chini, hata kama ni topeni. Hufikirii. Songlu akapiga goti. Mikono ya kigari ikaruka juu, na tajiri akaanguka chali, miguu hewani, kofia mtaroni.

"Shikamoo, afande!"

"Mwehu we!" tajiri alifoka. "Unamwamkia nani huyo? Mzee Liu atanisikia leo hii hii!"

Nikadhani Kapteni atamtetea askari wake. Akateremsha shali, akamtazama Songlu kidogo. Kisha akamwinamia tajiri.

"Panda kwangu, bwana. Mimi sina mambo hayo."

Tajiri akapanda huku akitukana. Kigari kikaanza kuondoka polepole, maana mzigo ulikuwa mzito na Kapteni si kijana. Songlu bado yuko chini, goti topeni. Nilipandwa na hasira hata nikataka kulia.

"Inuka, mjinga we! Kakuibia abiria!"

"Nyamaza," akaninong'oneza bila kuinua kichwa. "Afande hajapita bado."